Walanguzi wa Fremu

Mwaka 1983, Serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kila mwananchi alimjua mlanguzi. Alikuwa mtu aliyeficha sabuni, sukari, khanga na mafuta ya kupikia ghalani, akingoja uhaba uzidi ili auze kwa bei aitakayo. Leo bidhaa hizo zimejaa madukani hata hazina mnunuzi. Lakini ulanguzi haukufa. Umetoka rafuni ukahamia mlangoni. Kinacholanguliwa sasa ni fremu yenyewe, yaani chumba cha duka katikati ya mji, na anayenyonywa si mnunuzi peke yake bali hata muuzaji aliyesimama nyuma ya meza.

Mji wa Singida unastahili kutazamwa katika jambo hili mapema, maji yasije yakazidi unga. Huu ni mji ulioletwa na mkulima. Kuku wanaousifiwa Mkoa huu hadi Dar es Salaam, alizeti, asali, na vitunguu vinavyouzwa Misuna, vyote hutoka mikononi mwa watu wa Ilongero, Mtinko, Ikungi, Puma na vijiji vingine vya jirani. Na fedha yao ndiyo inayozunguka katika maduka ya katikati ya mji. Mkulima huyo akija mjini huja na shida zake zote kwa siku moja: kitambaa cha sare ya mtoto, dawa ya mifugo, betri, jembe, na kiatu kinachohitaji kushonwa soli.

Mitaa ya biashara ya miji ya aina hii ilijengwa kwa kumfikiria mtu huyo, ingawa walioijenga pengine hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Duka lilikuwa mbele, familia ya mwenye duka ikaishi nyuma, na kati ya duka na barabara palikuwa na baraza. Baraza hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mtaa. Fundi cherehani aliketi hapo, na kitambaa kilichonunuliwa ndani kilishonwa nje. Mwenye duka alimhitaji fundi kama fundi alivyomhitaji mwenye duka, na kodi kati yao ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Pembeni yake mshona viatu, hatua mbili mbele fundi redio, na ukingoni mama wa karanga. Mkulima aliyechoka aliegemea nguzo akiwa na tenga lake la kuku, wala hakuulizwa anangoja nini.

Isidhaniwe kwamba hapo palikuwa peponi. Wapo wenye maduka waliowakopesha wakulima chumvi na kufidia kwa mavuno, na mizani iliyokuwa na tabia ya kuegemea upande mmoja haikuwa hadithi ya kutungwa. Hata hivyo mtaa ule ulikuwa na mlango ambao mtu mdogo aliweza kuingilia. Ukoo wa Dewji, ambao jina lake leo linasomwa juu ya viwanda vingi, ulianzia katika biashara ndogo Singida, na Mohammed Dewji, aliyekuwa Mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, alizaliwa Ipembe. Swali la leo ni hili: kijana wa Mtinko mwenye mtaji wa cherehani moja ataingilia mlango gani?

Kwa maana mlango unazibwa. Nyumba ya chini inapobomolewa ili kupisha ghorofa, kitu cha kwanza kufa ni baraza, kwa sababu mwenye fedha anahesabu mita za mraba na baraza haimlipi. Duka moja la zamani linakatwa kuwa fremu nne za vioo na vigae. Anayetaka mojawapo hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajauza hata pipi moja. Juu yake kuna kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Na pale panapogombewa sana kuna kilemba, fedha inayotolewa pasipo risiti kwa ajili ya kuruhusiwa kulipa kodi. Fundi anasukumwa uchochoroni. Mtaa unang'aa, na wateja wake wa asili wanapita upande wa pili wa barabara.

Asiyeamini mwisho wa safari hiyo atazame Kariakoo. Kitongoji kile kilichopata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza kilikuwa, kwa miongo mingi, cha nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kila upande, ua nyuma. Soko lake kuu lililosanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, lilifunguliwa mwaka 1975 ili mkulima na mlaji wakutane. Hii leo nyumba za Kiswahili zimemezwa na maghorofa, na wenyeji wengi waliouza viwanja vyao au kuingia ubia wameishia pembezoni mwa jiji. Wafanyabiashara wamefunga maduka kwa mgomo Mei 2023, na tena Juni 2024. Wengi walikumbuka malalamiko yao juu ya kodi za Serikali, na ni haki kuyasikiliza. Lakini mwenye nyumba hakugomewa hata siku moja. Kisha, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba chini yake palikuwa panachimbwa ili kuongeza nafasi ya maduka. Tamaa ya fremu ilikwisha kwenda juu, ikawa inatafuta njia ya chini.

Wapo watakaosema kwamba mji ni lazima ukue, na anayepinga ghorofa anataka wananchi warudi kwenye tembe. La hasha! Hakuna anayelilia bati lenye kutu. Ghorofa si adui wa mtu, na mwalimu aliyestaafu akajenga fremu mbili katika kiwanja chake kwa kiinua mgongo chake hajamwibia mtu. Ugomvi ni na yule ambaye hakujenga tofali, hakununua saruji, hakulipia kiwanja, na bado kila mwezi anavuna.

Mtu huyo yupo, na anapatikana mahali ambapo umma ungetarajia ulinzi: katika fremu zilizojengwa na halmashauri. Katika halmashauri nyingi nchini imelalamikiwa kwa miaka mingi kwamba vyumba vya biashara vya umma vimeshikwa kwa mikataba na watu wasiofanya biashara yoyote ndani yake. Wao huilipa halmashauri kodi ndogo iliyoandikwa, kisha humpangisha mfanyabiashara halisi kwa kodi nyingine isiyoandikwa popote. Tufanye hesabu ya darasa la nne, ambayo msomaji mwalimu ataisahihisha. Ikiwa halmashauri inapokea shilingi 50,000 kwa mwezi na fundi aliyemo ndani analipa 200,000, basi mtu wa kati anabaki na 150,000 kila mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka, kwa kazi ya kuwa na jina kwenye karatasi. Na ikiwa fundi anapata faida ya shilingi 3,000 kwa kila sare ya shule, atapaswa kushona sare 50 kwa mwezi ili amlishe mtu asiyemjua hata sindano. Fundi naye hana pa kuutupa mzigo huo isipokuwa kwenye bei. Kwa hiyo mtoto anayesimama mstarini mwezi Januari akiwa na kaptula ya mwaka juzi anaweza kuwa analipa kilemba cha mtu fulani. Mwalimu wa zamu asimchape kwa hilo.

Huyo mtu fulani ni nani? Hapa ndipo mazungumzo ya barazani hukatika, na watu hutazamana. Si siri kwamba aliyepata mkataba mapema mara nyingi ni aliyejua mapema. Na anayejua mapema ni aliye karibu na faili. Ni diwani, ni ofisa, ni shemeji wa ofisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuliona jambo hili. Miiko yake ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi halikuishia kwa mawaziri na wabunge; liliwagusa madiwani na watumishi wa umma wa ngazi za juu na za kati, pamoja na wake zao na waume zao. Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yalilegeza masharti hayo, na mtumishi akaruhusiwa kupangisha nyumba yake. Sawa. Lakini hakuna kikao chochote, si cha Zanzibar wala cha kwingineko, kilichomruhusu kupangisha nyumba ya umma kana kwamba ni yake.

Wala si kwamba nchi hii haijapata kujaribu kumdhibiti mwenye nyumba. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005. Mkweli atakiri kwamba majengo mengi ya Msajili yalivuja na rangi yake ikambanduka pasipo mtu kujali, na kwamba kodi isiyotosha hata ndoo ya chokaa huibomoa nyumba polepole. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 nayo ilifunga maduka ya watu binafsi kabla ya ushirika kuwa tayari, ikawaacha wananchi na rafu tupu, haikudumu. Makosa hayo yasirudiwe. Lakini kutoka katika kudhibiti kupita kiasi hadi kutodhibiti kabisa ni kumtoa mgonjwa dawa chungu na kumpa sumu tamu.

Hata sheria iliyopo inachezewa. Kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ni ya mwenye nyumba. Mpangaji wa biashara huikata katika kodi anayolipa na kuipeleka TRA. Wapangaji wangapi wamethubutu kuikata? Mwenye nyumba hutaja kodi yake kamili na kuongeza kwamba hiyo ya Serikali mpangaji atajua mwenyewe. Asiyetaka aondoke, dalali ana wengine watano.

Dawa ya kwanza haihitaji tume wala posho ya semina. Halmashauri hutoa vitu viwili kwa chumba kilekile: mkataba wa pango na leseni ya biashara. Leseni, ambayo siku hizi huombwa kwa mfumo wa TAUSI, ina jina la anayeuza. Mkataba una jina la anayelipa. Majina hayo yakitofautiana, ofisa aende kwa miguu hadi mlangoni aulize kodi hulipwa kwa nani. Orodha ya wapangaji wote wa fremu za umma, pamoja na kiwango wanacholipa, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, na mkataba wa mtu wa kati uhamishiwe kwa fundi aliyemo ndani. Na kibali cha ujenzi wa ghorofa katika mitaa ya zamani ya biashara kisitolewe kabla ramani haijaonyesha baraza yenye kivuli, ya kutosha cherehani na tenga la kuku.

Wakuu wa Manispaa ya Singida wanaweza kuanza wiki hii. Daftari la mikataba na daftari la leseni yako chini ya halmashauri moja, na kuyalinganisha ni kazi ya karani mmoja kwa asubuhi moja, iwapo atakubali kusoma kwa sauti majina atakayoyakuta.