Mpira wa Petroli Si Mpira wa Bustani

Wengi wetu huja shuleni kwa matatu. Ukipanda moja utasifu rangi, muziki na taa zake. Lakini ni nani aliyewahi kuuliza petroli hupitia wapi hadi ikafika kwenye injini? Mimi naona hilo ndilo swali la kwanza.

Katika matatu nyingi za abiria 14, injini imo chini ya viti vya mbele. Ekzosi pale inapotoka kwenye injini huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi gari likipanda mlima. Petroli nayo huanza kuchemka kabla ya nyuzi 50, na mvuke wake ukikutana na chuma chenye joto jingi waweza kuwaka bila hata cheche.

Mpira halisi wa petroli hustahimili mafuta na joto. Taabu huanza unapopasuka. Mwenye gari humwambia fundi, "Niwekee chochote, bora litembee." Basi mpira wa kunyunyizia bustani hukatwa, ukafungwa kwa waya, ukaachwa ulalie ekzosi. Petroli huula kwa ndani, joto huukausha kwa nje.

Wengine watasema, "Mbona siku zote latembea?" Magari ya kabureta yalipozimika mlimani kwa sababu petroli imegeuka mvuke mpirani, dereva alimwaga maji, safari ikaendelea. Lakini magari mengi ya siku hizi yana pampu inayosukuma petroli kwa nguvu. Mpira ukitoboka haidondoki matone, inaruka!

Dawa yenyewe ni rahisi: mpira wa petroli hasa, klipu za chuma kila mwisho, upitishwe mbali na ekzosi, na katikati pawe na bati la kukinga joto. Bati lisiguse mpira. Liachiwe nafasi ya hewa. Fundi yeyote wa jua kali aweza kulikata. Anayepata pesa za kuchora matatu ubavu mzima atakosaje za bati?

Kwa hivyo naonelea wakaguzi wa magari wafunue injini, sio kutazama tairi na taa peke yake. Nasi abiria tukinusa petroli tusinyamaze kwa kuogopa makanga. Tumwambie dereva asimame, tushuke. Nauli ikipotea itapatikana nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini maisha, enyi wenzangu, hayajengwi upya.