MORTAL KOMBAT 1: WALIGEUZA MLANGO WA SIRI KUWA DUKA

Kuna mastaa fulani wa mitandaoni, majina hayatajwi hapa ila wenyewe wanajijua, ambao kazi yao ni kurusha gemu laivu na kujifanya wanasheria wa kampuni za Marekani. Mtu yeyote akilalamika kuhusu Mortal Kombat 1, jibu lao ni lile lile: huna hela, nyamaza. Eti malalamiko yote ni njaa tu. Gemu kali, picha kali, ukishindwa kulipia kaa pembeni uangalie wenzio.

Picha ni kali, hilo halina ubishi. Gemu ilitoka Septemba 19, 2023 na stori yake ilianza upya kabisa: Liu Kang sasa ni mungu wa moto, kaupanga ulimwengu upya kwa mkono wake, na wale mahasimu wa miaka yote, Scorpion na Sub-Zero, wamegeuka ndugu wa damu. Aliyekuwa anasubiri kitu kipya alikipata. Tatizo haliko kwenye stori wala kwenye picha, na hapo ndipo hawa mastaa wanapowazungusha watu makusudi.

Tatizo ni kwamba Mortal Kombat ilijengwa juu ya siri. Mwaka 1992, pale Midway, Chicago, Ed Boon na John Tobias walitengeneza mashine ya sarafu yenye wapiganaji saba wa kuchagua. Saba tu! Ila ndani yake wakamficha wa nane, Reptile. Kumwona ilibidi uwe kwenye lile daraja la The Pit, kivuli kipite mbele ya mwezi, ushinde raundi zote mbili bila kuguswa, bila kujikinga hata mara moja, umalize na Fatality. Wengi hawakumwona maishani mwao. Waliomwona walisimulia, wasiomwona wakabisha, na ubishi huo ndio uliolifikisha jina la hii gemu mbali kuliko tangazo lolote.

Halafu akaja Ermac. Huyu mwanzoni hakuwepo kabisa. Watu waliona neno ERMACS kwenye ukurasa wa hesabu za ndani ya mashine, neno la mafundi lililohusu makosa ya programu, wakasema kuna ninja mwekundu kafichwa. Hakukuwa na ninja. Lakini uvumi ulikua mpaka wenye gemu wakaamua kumtengeneza, na mwaka 1995 akatokea kwenye Ultimate Mortal Kombat 3, tena akiwa amefungwa kwa alama kumi za siri. Ukizipata alama, unaziingiza, Ermac huyo. Yaani ni mpiganaji aliyezaliwa na midomo ya mashabiki.

Sasa huyo Ermac kwenye Mortal Kombat 1 alikuwa wapi? Dukani. Aliwekwa kwenye kifurushi cha nyongeza, akatoka 2024, ukimtaka lipa. Quan Chi naye yuko kwenye kifurushi kile kile. Mwaka 2011, Mortal Kombat ilipofufuliwa baada ya Midway kufilisika na Warner kuichukua, Quan Chi ulimpata kwa kumaliza stori. Ukikaza mpaka mwisho, ni wako. Shang Tsung, mchawi mwenyewe, mwenyeji wa mashindano ya kwanza kabisa, aligeuzwa zawadi ya wale waliolipia gemu kabla haijatoka. Mwenye nyumba anauzwa kando na nyumba!

Anayeuma zaidi ni Noob Saibot. Wasiojua wachukue hilo jina walisome kinyumenyume: Tobias, Boon. Ni majina ya waanzilishi wawili yaliyogeuzwa. Kwenye Mortal Kombat II ya 1993 ukitaka kukutana naye ulipaswa kushinda mara 50 mfululizo. Hamsini! Na bado ulikuwa unapewa nafasi ya kupigana naye tu, siyo kumtumia. Septemba 2024 akaletwa ndani ya Khaos Reigns, nyongeza ya karibu dola 50. Jasho la mechi hamsini limegeuzwa namba za kadi ya benki.

Jumlisha basi. Gemu ilitoka kwa dola 70, kifurushi cha kwanza dola 40, Khaos Reigns dola 50. Hiyo ilikuwa dola 160, laki nne na kitu za Kitanzania, na hapo konsoli hujagusa. Ukiiambia familia ya Mbagala kwamba hiyo ilikuwa bei ya kucheza, watakupeleka kuombewa.

Na bado. Oktoba 2023, gemu haijamaliza hata miezi miwili sokoni, ikaja Fatality ya sikukuu ya Halloween kwa kama dola 10. Fatality moja. Kwa wasiofuatilia, Fatality ni lile pigo la mwisho la kumchinja mpinzani ambaye tayari anayumba. Kuna watu leo wana mvi ambao walikuwa na daftari la shule limejaa mishale ya kushoto, kulia, chini, waliyonakili kwa wenzao ili waweze kumaliza mechi kwa heshima. Fatality ilikuwa elimu, mtu anakufundisha au anakuficha. Kuiwekea bei ni sawa na kumwambia mtoto alipie pasi ya mguu wa kushoto kwenye mpira.

Mastaa wanarudi na hoja yao wanayoiona ngumu: mbona zile mashine za zamani nazo zilikuwa zinakula sarafu? Kweli, zilikula, na Midway haikuwa kituo cha kulea yatima. Zilifanywa ngumu makusudi ili mtu apoteze haraka aingize nyingine. Lakini sarafu ya mtoto wa tajiri na ya mtoto wa mama ntilie zilifungua mashine ile ile, yenye wapiganaji wale wale na siri zile zile. Kilichowatofautisha ni vidole.

Hiyo ndiyo sheria ambayo vibanda vya gemu vya huku viliirithi, kuanzia Tandale mpaka Mombasa. Unatoa hela kidogo, unakaa kwenye benchi, anayepigwa anaachia pedi. Mwenye kibanda aliweka diski moja ya Mortal Kombat: Armageddon kwenye PS2 na ndani mlikuwa na wapiganaji zaidi ya 60. Waliofungwa walifunguliwa kwa sarafu za ndani ya gemu, unazipata kwa kucheza. Mtu mmoja akikesha akawafungua, mtaa mzima ulifaidi.

Leo huyo mwenye kibanda afanyeje? Mortal Kombat 1 haikutoka kwa PS4, lazima PS5. Akishapata PS5, nyongeza zinanunuliwa mtandaoni, na Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zenye PlayStation Store yake. Kwa hiyo inabidi ajifanye mkazi wa nchi nyingine, afungue akaunti ya huko, atafute mtu wa kumuuzia kadi za zawadi za nchi hiyo na aombe Mungu zisiwe zimeshatumika. Yote hayo ili mteja wa kwenye benchi aweze kumchagua ninja ambaye baba yake alimfungua kwa namba za kwenye karatasi. Wanaosema huna hela wajue kuna watu hela wanayo na mlango bado hawauoni.

Kuna hoja moja yao inayokubalika. Homelander na Omni-Man, hawa ni wageni kutoka sinema na katuni za watu wengine, wana wenyewe wanaodai chao. Kuwauza kando hakuna ubaya, asiyewataka hapungukiwi chochote. Hata gemu ya 2011 ilimuuza Freddy Krueger na dunia haikuanguka. Ugomvi ni kuwauza wenyeji kwa mtindo wa wageni. (Na wale wanaopiga kelele kwamba Cyrax na Sektor wamefanywa wanawake, tafadhali, huo ni ugomvi mwingine, tena wa kijinga. Roboti wa njano ni roboti wa njano.)

Mwisho wa mchezo ulionekana Mei 2025. NetherRealm ikatangaza kwamba hakuna tena wapiganaji wapya wala sura mpya za stori, na wakati huo huo ikatoa toleo kamili lenye kila kitu ndani. Yaani aliyelipia mapema, akamsubiri Ermac, akamsubiri Noob Saibot, akatetea kampuni usiku na mchana, ndiye aliyelipa kwa mafungu. Aliyekaa pembeni kwa karibu miaka miwili akiitwa njaa alilipa mara moja, akapata wote.

Mastaa wale wale waliokuwa wanatukana watu siku hizi wanalicheza hilo toleo kamili laivu, wakilisifu kwamba lina thamani ya hela. Hakuna hata mmoja aliyewaomba radhi wale aliowaita njaa, na wengine tayari wameshaanza kuwahimiza watu walipie kabla gemu inayofuata haijatoka.