Tusizihukumu filamu za Kikorea kabla ya kuzitazama

Katika vyumba vingi vya walimu huku kwetu, tangu Embu hadi Meru, hukumu imekwisha kutolewa: filamu na tamthilia za Kikorea zimewaharibu wanafunzi. Husemwa kwamba zinawapotezea muda wa kudurusu, kwamba zinawafunza mapenzi ya kipuuzi, na kwamba zile za mashindano ya kuuana zinawatia unyama moyoni. Aghalabu hukumu hiyo hutolewa na watu ambao hawajatazama hata kipindi kimoja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ni mtazamaji sugu wa kazi hizo, nami ningependa kusimama upande wa washtakiwa. Sidai kwamba hawana makosa. Nadai kwamba tumewashtaki kwa kosa lisilo lao, na kwamba lile jambo linalowavuta wanafunzi wetu hatujalitazama kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe.

Kizazi changu kilizijua filamu za kigeni katika vibanda vya video, na baadaye kwa sauti ya DJ Afro, ambaye huwasimulia watazamaji kwa lugha ya mitaani yale yanayosemwa na hata yale yasiyosemwa. Wanafunzi wa leo hawamngojei msimulizi. Hujaziwa tamthilia nzima ya vipindi 16 katika flashi, na wakati wa likizo huzisoma zile tafsiri zinazoandikwa chini ya picha kwa kasi ambayo ningeifurahia mno kama wangeitumia kusomea riwaya. Wanasikia Kikorea, wanasoma Kiingereza, kisha wanabishana kwa Kimeru, Kiembu na Kiswahili. Anayewaita wavivu na ajaribu kufanya hivyo kwa saa nne mfululizo.

Ni nini basi wanachokiona humo? Niliulizwa swali hilo na mwalimu mmoja wa hisabati, nami nikamjibu kwa kumtajia SKY Castle, tamthilia iliyoonyeshwa nchini Korea Kusini kuanzia Novemba 2018 hadi Februari 2019. Inahusu familia za matajiri wanaoishi katika mtaa mmoja wa kifahari, na kazi yao kubwa ni moja tu: kuhakikisha kwamba watoto wao wanaingia vyuo vikuu vitatu vinavyosifika zaidi nchini humo. Mama mmoja anamwajiri mwelekezaji wa masomo kwa fedha nyingi ili bintiye apate nafasi ya kusomea udaktari. Bei ya nafasi hiyo inazidi kupanda, na haibaki kuwa ya fedha peke yake. Nyumba ni za kifahari, naam, na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuishi katika nyumba kama hizo. Lakini ule wasiwasi unaoletwa mezani pamoja na chakula, wanaujua vyema.

Wakorea hufanya mtihani wao mkuu wa kuingia chuo kikuu mwezi wa Novemba. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa ili watahiniwa wasikwame barabarani, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege hazipai wala hazitui. Sisi nasi Novemba tumo katika KCSE. Hatusimamishi ndege, lakini tangu 2016 karatasi zetu zimekuwa zikihifadhiwa katika makasha ya chuma yanayolindwa na polisi wenye silaha. Mtoto anayeona bunduki ikilinda karatasi ya maswali huelewa bila ya kuambiwa kwamba karatasi hiyo ina uwezo wa kumwinua au kumwangusha.

Sasa nije kwenye ile kazi inayolaaniwa kuliko zote, Squid Game, yaani mchezo wa ngisi. Ilianza kuonyeshwa tarehe 17 Septemba 2021, na katika muda mfupi ikazungumzwa dunia nzima. Watu 456 wenye madeni wanakusanywa kisiwani na kuchezeshwa michezo ya watoto. Anayeshindwa anauawa. Atakayebaki atapewa won bilioni 45.6. Wanaoishutumu hukomea kwenye damu, na damu kweli ipo tele. Mimi jambo lililonikosesha usingizi halikuwa lile sanamu la msichana lenye macho ya kuua. Lilitokea katika kipindi cha pili. Baada ya mchezo wa kwanza, wachezaji waliosalia ni 201. Wanapiga kura, na kwa tofauti ya kura moja tu wanaamua kurudi makwao. Wanaachiliwa huru. Halafu, baada ya siku chache za kuonja maisha waliyoyaacha, 187 kati yao wanarudi mchezoni kwa hiari yao wenyewe, wakijua fika kinachowangoja.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi nzima. Mwandishi na mwelekezi wake, Hwang Dong-hyuk, aliiandika hadithi hiyo miaka ya 2008 na 2009, wakati yeye mwenyewe alikuwa na shida za fedha, na kwa takriban miaka kumi hakupata wa kuigharimia. Mhusika mkuu, Gi-hun, amechorwa kutokana na tukio la kweli: mgomo wa mwaka 2009 katika kiwanda cha magari cha Ssangyong, uliofuatia kufutwa kazi kwa wafanyakazi wengi. Huyu hakuzaliwa mcheza kamari. Alikuwa fundi kiwandani, akapoteza kazi, na mengine yakafuatia.

Nani huku kwetu asiyemfahamu Gi-hun? Mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika Julai 1989, bei ikaanguka, na katika miteremko ya Embu na Meru wapo wazee waliong'oa mibuni waliyokuwa wakiitegemea kwa karo. Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa, na kule Igembe watu waliokuwa wakifunga mizigo ya London walijikuta hawana soko. Kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022 soko la Somalia nalo lilikuwa limefungwa. Hakuna aliyewauliza wakulima hao. Ada ya shule, hata hivyo, haikungoja soko lifunguliwe. Na tangu tulipoanza kukopa kwa simu, M-Shwari mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mtu huweza kuingia deni akiwa amelala kitandani, gizani, bila ya jirani kujua. Mwanafunzi anayetoka katika nyumba kama hiyo haoni ajabu mtu kurudi mchezoni. Yeye hushangaa tu kwamba sisi tunashangaa.

Kuna mhusika mwingine ambaye walimu wenzangu wangefaa kumtazama kwa makini zaidi kuliko wahalifu wote waliomo. Huyu ni Sang-woo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, na mtaa mzima unajivunia jina lake. Mama yake, muuza samaki, anaamini kwamba mwanawe yuko ng'ambo kwa shughuli za kazi, ilhali polisi wanamtafuta kwa kupoteza fedha za wateja. Mchezoni anafanya urafiki na Ali, kibarua kutoka Pakistani, na kumwambia amwite kaka. Ukafika mchezo wa gololi, zile ambazo watoto wetu huziita bano. Wawili hao wanatakiwa kushindana, na mmoja lazima afe. Sang-woo anaelekea kushindwa, basi anamhadaa Ali na kumbadilishia gololi kwa vijiwe. Ali anafungua mfuko, anaona mawe, na bado anamwita kaka.

Tutafakari hapo. Aliyetenda uovu huo ndiye mwanafunzi bora. Ndiye ambaye picha yake ingebandikwa kwenye ukuta wa shule, ndiye ambaye kijiji kingemfanyia harambee. Hakufeli mtihani wowote, na elimu yake ndiyo iliyomwezesha kufikiri upesi kuliko Ali. Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata kuona kitabu cha maadili kinachouliza swali hili kwa ukali namna hiyo: shule ikimfunza mtoto kuwashinda wenzake kwa miaka kumi na miwili, itamfunza lini kutowashinda?

Nikirudi kwa yale yetu, matokeo ya KCSE ya mwaka 2024 yalihusu watahiniwa 962,512. Waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo kibali cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliosalia ni zaidi ya 700,000. Najua nitaambiwa kwamba vyuo vya ufundi vipo, na ni kweli vipo, na kwamba mtaala mpya umekuja kutibu maradhi hayo, hata KCPE ikafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Nayakubali. Lakini sikilizeni jinsi tunavyozungumza nao asubuhi kwenye gwaride. Tunawaambia kwamba asiyepita hana maisha. Tunayasema hayo kwa nia njema, kama walivyotuambia waliotufundisha. Mwenye mchezo kule kisiwani naye huwaambia wachezaji maneno ya namna hiyo hiyo: nje hamna chochote, humu angalau nafasi ni sawa kwa wote.

Hayo hayaondoi hoja ya wanaoogopa unyama. Oktoba 2021 shule moja nchini Ubelgiji iliwaonya wazazi kwamba watoto walikuwa wakiuiga mchezo huo uwanjani na kuwapiga walioshindwa. Mtoto wa shule ya msingi hana haja ya kutazama kazi hiyo, na mzazi anayemwachia simu usiku kucha asije akamlaumu Mkorea. Wala simsifu Hwang kwa kila kitu. Wale matajiri waliovaa barakoa za wanyama wanazungumza kama watu wanaosoma tangazo, na sehemu ya pili na ya tatu, zilizotoka Desemba 2024 na Juni 2025, zinarudia kura ile ile hadi mtu anachoka. Kilichonichukiza hasa kilitokea Novemba 2023, pale yalipoonyeshwa mashindano halisi, yaliyorekodiwa Uingereza, ya watu 456 wakishindania dola milioni 4.56 katika majukwaa yaliyoiga yale ya hadithi. Hawakuuawa, bila shaka. Lakini kejeli iliyoandikwa kuwakemea wenye kuchezea shida za watu iligeuzwa kuwa yale yale iliyoyakemea, na watu wakashangilia.

Mashabiki wenyewe si wajinga kama tunavyowadhania. Mashindano ya uimbaji ya Produce nchini Korea Kusini yaliwaahidi watazamaji kwamba kura zao ndizo zitakazoamua nani aingie katika kundi. Mwaka 2019, baada ya fainali ya Produce X 101, mashabiki walikaa wakapiga hesabu, wakagundua kwamba pengo la kura 29,978 lilikuwa likijirudia baina ya washindani mbalimbali. Kura za kweli hazina tabia hiyo. Walilalamika, polisi wakachunguza, na mwaka 2020 mtayarishaji Ahn Joon-young akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Yule mwalimu wa hisabati niliyemtaja hapo awali alipoisikia habari hii aliichukua mara moja akaipeleka darasani. Nchi ambayo mwaka 2016 ilivunja bodi ya baraza lake la mitihani kutokana na wizi wa mitihani ya mwaka uliotangulia haina sababu ya kuwanyima vijana wake hesabu za namna hiyo.

Walimu wenzangu wa fasihi mna kazi rahisi zaidi. Wanafunzi waliosoma hadithi ya Said Ahmed Mohamed, Tumbo Lisiloshiba, wanalikumbuka lile jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kukila chakula chote. Wakae nayo karibu na Parasite ya Bong Joon-ho, ambayo Februari 2020 ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo kuu ya Oscar. Humo tajiri hafanyi kelele. Ni mpole, ana adabu, huziba pua tu anaposikia harufu ya maskini. Yupi kati ya wawili hao ni wa kuogopwa zaidi? Darasa litalumbana hadi kengele ilie.

Muhula uliopita niliwapa kidato cha tatu insha. Wachezaji 201 walitoka kisiwani, 187 wakarudi. Hao 14 wengine filamu haiwafuati. Niliwaambia wanafunzi wangu wachague mmoja wao na waandike alivyoishi baada ya hapo. Wengi walimleta huku kwetu bila ya kuombwa. Mmoja alimweka Maua, akichagua miraa na kufunga vibunda, akilipa deni kidogo kidogo na kuandika hesabu nyuma ya mlango. Mwingine alimfanya mwanamke wa Runyenjes aliyeuza ng'ombe wa mwisho, akaketi na mkwewe kumweleza ukweli wote, na mkwewe akamkaripia, kisha akampikia. Yupo aliyemrudisha mchezoni kwa kuchelewa, mashua ikawa imeondoka.

Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hupata alama za chini, aliandika nusu ukurasa. Mtu wake amelala nyumbani, simu ya wadai inalia, haipokei. Inalia tena. Anaamka, anatoka nje, anaanza kukata nyasi za ng'ombe wa jirani, na insha inaishia hapo. Mwalimu mwenzangu aliyeisoma alisema haijakamilika, akanishauri nimpe 9 kwa 20. Nimempa 16.