Mbwa Naye ni Abiria

Leo tufunge safari ya mbali, hata Marekani, bila kulipa nauli.

Basi kila mtu analijua. Ni chombo ambacho mtu hupanda kwa kusukumana, akakaa akihesabu vituo mpaka afike kwake. Lakini huko Marekani zipo familia ambazo zikiisha kuingia katika basi zimekwisha kufika kwao. Baba yuko kwenye usukani, mama yumo, watoto wamo, mbwa amelala karibu na jiko, paka kajificha chini ya kitanda, na nyumba nzima yaenda barabarani. Wengine husafiri hivyo kwa likizo ya majuma mawili matatu, wengine kwa mwaka mzima au zaidi. Je, ni wazimu? Tutazame kwanza jambo lenyewe, ndipo tutoe hukumu.

Kusafiri na mbwa katika motokaa si jambo geni. Mwaka 1903 daktari mmoja wa jimbo la Vermont, jina lake Horatio Nelson Jackson, aliwekeana sharti la dola 50 huko San Francisco kwamba ataweza kwenda mpaka New York kwa motokaa. Wakati ule, nje ya miji, barabara nzuri zilikuwa chache mno. Alifuatana na fundi wake, Sewall Crocker, wakaondoka tarehe 23 Mei. Walipofika jimbo la Idaho walipata mbwa, wakamwita Bud, wakampandisha. Motokaa yao ilikuwa wazi, haina paa, na vumbi la njiani lilimwumiza Bud macho. Basi wakamvika miwani ya kukinga vumbi, kama ile waliyovaa wao wenyewe. Wakafika New York tarehe 26 Julai, siku 63 tangu kuondoka. Miwani ya Bud imehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Ikumbuke miwani hiyo, msomaji. Bud hakuomba kusafiri, wala hakujua kusema kwamba macho yanamwuma. Waliompandisha ndio waliopaswa kuyafikiria macho yake, nao waliyafikiria.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1915, tajiri mmoja wa Huntington, karibu na New York, aitwaye Roland Conklin, alikuwa na kampuni ya kuunda mabasi. Akaunda moja lenye vitanda na jiko, akaipakia familia yake, wakavuka nchi mpaka San Francisco. Watu njiani walistaajabu kuona nyumba inapita.

Lakini huyo alikuwa tajiri. Watu wa kawaida walifunguliwa mlango na shule. Mwaka 1939 profesa Frank Cyr aliwakutanisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wajumbe wa majimbo yote 48 ya wakati ule, pamoja na mafundi wa magari. Wakaafikiana jinsi mabasi ya kuchukua watoto wa shule yanavyopaswa kuundwa ili watoto wawe salama. Wakachagua na rangi, ile ya manjano iliyokolea, kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vizuri alfajiri na jioni. Tangu hapo mabasi ya manjano yameenea Marekani yote. Yakiisha kuzeeka, shule huyauza kwa bei nafuu kuliko nyumba yoyote. Hapo ndipo familia yenye fedha kidogo na mikono isiyo mivivu hupata bahati yake.

Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa. Kugeuza basi kuwa nyumba ni kazi ya miezi mingi, na mara nyingi hupita mwaka. Kwanza viti vyote hung'olewa, na bolti zake mara nyingi zimeshikwa na kutu hata spana hushindwa, sharti zikatwe. Kisha sakafu ya zamani hufunuliwa, maana chini yake ndimo kutu hujificha. Kutu ikisuguliwa na matundu yakizibwa, sakafu mpya ya mbao hulazwa, na kuta na dari hutiwa tabaka la kuzuia joto na baridi. Ndipo huja vitanda, meza, jiko la gesi, tangi la maji, betri, na juu ya paa vioo vya kuvuta umeme wa jua. Majimbo mengi huamuru pia rangi ya manjano ibadilishwe, na zile taa nyekundu na kibao cha kusimamisha magari viondolewe, ili madereva wengine wasidhani ni basi lenye watoto wa shule.

Tena kila kitu hupimwa uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni kilo 200 zinazopanda mlima pamoja nawe. Basi kubwa la namna hiyo hunywa dizeli sana: lita moja huenda kilometa 3 au 4 tu. Ndiyo maana wenye busara hawakimbii huku na huku. Hufika mahali, wakakaa siku kadhaa, ndipo wakaondoka.

Na ndani je? Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi kubwa lina upana wa mita 2 na kidogo, na urefu wa mita 10 hivi nyuma ya dereva. Humo hulala watu wanne, watano au sita. Ukiacha viatu katikati ya njia, mwenzio ataanguka. Ukinuna, hakuna chumba cha kwenda kununia. Maji yakimwagwa ovyo asubuhi, jioni hakuna ya kupikia. Kwa hiyo kila mtoto hupewa kazi yake: mmoja hukunja matandiko, mwingine hutazama kwamba makabati yamefungwa kabla gari halijaondoka, maana sahani zikiachwa wazi, kona ya kwanza zote zi chini. Watoto wengine hufundishwa na wazazi wao humo humo, daftari juu ya meza ile ile wanayolia chakula. Utaratibu ambao katika nyumba kubwa twaweza kuupuuza kutwa nzima, katika basi ukipuuzwa saa moja tu kila mtu anaumia.

Sasa tuje kwa mbwa na paka. Watu wengi wa huko huwahesabu kuwa wa nyumbani kabisa, hawapendi kuwaacha nyuma. Ni jambo jema. Lakini upendo peke yake hautoshi. Sharti ufuatane na akili. Nitakutajia mambo manne.

La kwanza ni joto. Mwanadamu hutoa jasho mwili mzima, ndivyo apoavyo. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Hupoa kwa kuhema, ulimi nje. Hewa anayoihema ikiwa ya moto, hana njia nyingine. Motokaa iliyofungwa na kuachwa juani, hata siku ya ubaridi wa digrii 21, ndani yake huweza kufika digrii 32 kwa dakika 10, na digrii 40 kwa nusu saa. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana. Mbwa wengi wamekufa hivyo, wenyewe wakiwa dukani wananunua mkate, na kila mmoja alisema: "Narudi sasa hivi."

La pili ni kumfunga salama. Dereva akikanyaga breki ghafula, kila kisichofungwa hurushwa mbele. Mbwa mkubwa akirushwa huweza kuumia yeye na kumwumiza mtoto aliyekaa mbele yake. Kwa hiyo mbwa huvishwa mkanda wa kifuani uliofungwa imara, naye paka hutiwa katika kizimba kilichokazwa sakafuni.

La tatu ni tumbo. Wanyama nao hutapika safarini, hasa wakiwa wachanga. Hupewa chakula kidogo saa chache kabla ya kuondoka, si shibe ya mwisho mlangoni, na gari husimamishwa kila baada ya muda wanywe maji na kunyosha miguu.

La nne ni cheti. Mbwa mkubwa akivuka mpaka kutoka Marekani kuingia Kanada, sharti awe na karatasi ya kuonyesha kwamba amechanjwa kichaa cha mbwa. Mwenye basi asiye na karatasi hiyo huweza kupata taabu mpakani, yeye na nyumba yake nzima.

Huenda utasema: haya ni madogo madogo. Basi sikiliza habari moja ya kweli. Katika Marekani iko Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872. Ina dubu, nyati na mbwa mwitu, na chemchemi nyingi za maji ya moto. Ukitazama kwa mbali utapenda kunawa: maji ni maangavu, ya buluu, yametulia. Kumbe mengine yanakaribia kuchemka. Mnamo Julai 1981 vijana wawili walifika huko kwa gari, pamoja na mbwa. Gari likasimama, mbwa akaponyoka, akakimbia moja kwa moja mpaka katika chemchemi mojawapo, akaruka ndani. Maji yale yalikuwa na joto la digrii zaidi ya 90. Mmoja wa vijana, mwenye umri wa miaka 24, alimsikia mbwa akilia. Watu walimpigia kelele asiingie. Hakusikia; akajitupa majini kumwokoa. Mbwa alikufa mle mle. Kijana alitolewa akiwa ameungua mwili wote, naye akafa siku ya pili.

Tusimhukumu kijana yule, maana alikuwa na moyo wa huruma. Lakini tuone jinsi huruma ilivyokuja imechelewa. Wakati wa kumwokoa mbwa ulikuwa kabla mlango haujafunguliwa, na kilichotakiwa ni kamba tu. Mpaka leo sheria ya Yellowstone huamuru mbwa afungwe kwa kamba isiyozidi mita 2 hivi, asiende zaidi ya mita 30 kutoka barabarani au mahali pa kuegesha magari, wala asipite kabisa katika njia za miguu. Wageni wengine hunung'unika wakiona sheria hiyo. Anayeijua habari ya 1981 hanung'uniki.

Sasa hukumu yetu. Je, familia yenye kusafiri na mbwa katika basi ina wazimu? Mimi nasema hapana, ikiwa imemfikiria mbwa kama ilivyomfikiria mtoto kabla ya kuwasha moto. Mnyama hachagui safari. Sisi ndio tunaomchagulia njia, saa, joto na hatari. Basi akili anayoikosa yeye, sharti tuitoe sisi. Asiyetaka kazi hiyo asimpandishe.

Na hukumu hiyo hiyo yatufuata hata sisi tusio na nyumba ya magurudumu. Baba, mbwa wako alindaye boma usiku kucha, amechanjwa? Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili kwa mtu, ni nadra sana mtu apone. Lakini chanjo ya mbwa huzuia. Bwana Mifugo akitangaza siku ya chanjo, usiseme shamba limenishika. Mtume kijana aende na mbwa amefungwa kamba. Tena mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Mama, nawe ukipeleka kuku mnadani, usiwaning'inize vichwa chini kutwa nzima, wala usiwaweke juu ya paa la basi katika jua la saa saba. Tenga lenye hewa halina gharama kubwa, na kuku aliyefika hai na mwenye nguvu hupata bei kuliko aliyefika anakata roho. Nawe kijana uliyepewa mbuzi umpeleke kwa shangazi, mnyweshe maji njiani. Yeye hajui unakokwenda, anakufuata tu.

Daktari Jackson alikuwa na sharti la kushinda na nchi nzima ya kuvuka, hata hivyo alipata nafasi ya kumtafutia mbwa miwani. Sisi safari zetu ni fupi kuliko yake, nafasi hatukosi.