Shule Zilifungwa na Serikali, Madaftari Yalifungwa na Nani?

Ndugu zangu Waislamu, wazazi, walezi na wanafunzi,

Kila shule zinapofungwa kwa ajili ya maradhi tunasikia maneno yale yale: "Tufanyeje? Huu ni mtihani kutoka kwa Allah." Ni kweli, maradhi ni mtihani. Lakini mtihani una maswali, na majibu huandika yule anayetahiniwa. Tukikaa kitako miezi mitano bila kuandika chochote, tusije tukasema karatasi ilikuwa ngumu.

Leo tuzungumze juu ya Chisenga. Kwa msomaji asiyekijua, hiki ni kisiwa katika Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini ya Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Watu wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki, na kufika huko ni kwa boti. Tumechagua Chisenga kwa sababu yaliyo kweli kisiwani ni kweli pia Kashikishi, ni kweli Kigoma, na ni kweli katika kila kijiji cha pwani ambako mtoto anaiona maji kabla hajaiona shule.

KWANZA TUKUMBUSHANE YALIYOTOKEA

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Zambia zilifungwa kwa sababu ya korona. Madarasa ya mitihani, yaani la 7, la 9 na la 12, yalirudi tarehe 1 Juni. Waliobaki walisubiri hadi Septemba. Juni 2021 shule zikafungwa tena, zikafunguliwa Agosti. Kisha kikaja kipindupindu: shule zilizotakiwa kufunguliwa tarehe 8 Januari 2024 zikabaki zimefungwa hadi Februari. Hizo ni mara tatu ndani ya miaka minne.

Sasa mchukue mtoto aliyeanza darasa la 1 Januari 2020. Alikaa darasani miezi miwili tu, akaambiwa arudi nyumbani. Alipofika darasa la 5 mwaka 2024, alianza mwaka huo nao akiwa nyumbani. Mtoto huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikatwa katikati ya herufi.

Wala Zambia haikuwa peke yake. Tanzania ilifunga Machi 17, 2020, na shule za msingi zikarudi Juni 29. Kenya, wanafunzi walio wengi walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Uganda ndiyo iliyovunja rekodi ya dunia: shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Kwa hesabu ya UNESCO, wakati hali ilipokuwa mbaya zaidi wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa.

Na hapa tusieleweke vibaya. Kufunga shule wakati wa maradhi ya kuambukiza si kosa. Dini yetu ilitufundisha kujitenga na maradhi kabla hakujawa na wizara ya afya. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipofika Sargh akiwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuna tauni, alishauriana na watu kisha akarudi na jeshi lake. Kwa hiyo ugomvi wetu hauko kwenye kufuli la mlango wa shule. Ugomvi wetu ni juu ya yaliyofanyika nyumbani baada ya mlango kufungwa. Na kila anayeulizwa ana udhuru wake. Tuzitazame nyudhuru hizo moja moja.

UDHURU WA KWANZA: "MASOMO YALIENDELEA KWENYE TELEVISHENI"

Huu ni udhuru wa wakubwa. Mwaka 2020 ilianzishwa chaneli ya elimu katika televisheni ya taifa, ZNBC, na masomo mengine yakawekwa kwenye intaneti. Aliye Lusaka na umeme wake na simu yake kubwa alifaidika. Lakini tujiulize: mtoto wa kambi ya wavuvi, nyumba ya nyasi, baba ana simu ya tochi na bando la kununua kwa ngwee za kuhesabu, huyo alifundishwa na nani? Kumwambia huyu "fungua televisheni" ni sawa na kumwambia mwenye njaa afungue friji.

Linalouma zaidi ni kwamba Zambia ilikwisha kujua njia nyingine. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na masomo ya redio ya Taonga Market, yaliyowalenga watoto wasio shuleni, wengi wao yatima wa ukimwi. Redio moja, mtu mzima mmoja wa kujitolea, na watoto wamekaa chini ya mti. Redio haidai umeme wa gridi, na watoto 30 wanaweza kuisikiliza moja. Basi kiongozi anayepanga kwa ajili ya maradhi yajayo aanze na redio na kitabu cha karatasi, kisha ndiyo ahangaike na intaneti. Akianza na intaneti, amemwacha mtoto wa Chisenga kabla safari haijaanza.

UDHURU WA PILI: "MTOTO AMEJIFUNZA KAZI YA ZIWANI"

Huu ni udhuru wa baba, na una sura nzuri. Uvuvi ni kazi ya halali, na mtoto kumsaidia mzazi ni wema. Njaa nayo ilikuwa ya kweli, hatumdharau mtu aliyetafuta unga.

Lakini tazama kalenda. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Mwaka 2020 ziwa lilifunguliwa Machi 1, na shule zikafungwa Machi 20. Wiki tatu tu! Mtoto alitoka darasani akaikuta mitumbwi ndiyo kwanza imerudi majini. Na dagaa wa huku, chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Mtoto anayekesha na taa ziwani, mchana atashika kitabu gani? Analala. Shule zilipofunguliwa, baadhi walikwisha kuzoea fedha ya mkononi, na benchi la darasani likawa halina ladha.

Na hilo ziwa lenyewe tunalomrithisha likoje? Wazee wanajua habari ya mpumbu, samaki aliyejaa Mto Luapula zamani, na jinsi alivyopungua kwa kuvuliwa akiwa anapanda mto kutaga. Baba anayempa mwanawe ziwa peke yake bila kalamu amempa shamba linalopungua kila mwaka. Mfundishe uvuvi, naam, lakini mpe na kalamu. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

UDHURU WA TATU: "BINTI ALIKUWA AMEKAA TU, TUKAMWOZA"

Hapa, ndugu zangu, tuseme bila kuzunguka. Korona haikumwoza mtu. Kipindupindu hakikupokea mahari. Binti wa miaka 14 akiolewa shule imefungwa, kuna mtu mzima aliyekaa jamvini, akakubali, akala pilau. Maradhi yasisingiziwe.

Wengine wanasema wanamwoza kwa kumchelea mimba. Ajabu! Badala ya kumlinda binti na anayemtamani, tunamkabidhi kwake na baraka juu. Na sheria nayo iko wazi. Tangu mwishoni mwa 2023 sheria ya ndoa ya Zambia imeweka miaka 18 kuwa ndiyo umri wa chini wa ndoa, hata ndoa za kimila. Asiseme mtu kwamba dini inamlazimisha kuivunja sheria hiyo. Hakuna aya inayomtaka baba amkatishe mwanawe masomo.

Na aliyekwisha kupata mimba naye asifungiwe mlango. Zambia imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni tangu 1997. Tanzania ilichelewa hadi Novemba 2021. Kwa hiyo huku kwetu ruhusa ipo zaidi ya miaka 25, na inayomzuia binti kurudi ni aibu ya jirani na ukaidi wa nyumbani. Mbona kijana aliyempa mimba alirudi darasani siku ya kwanza na hakuna aliyemnyooshea kidole?

UDHURU WA NNE: "MIMI SIKUSOMA, NITAMFUNDISHA NINI?"

Huu ndio udhuru wenye haki zaidi, na ndio unaostahili jibu la upole. Mama anasema Kibemba au Kiswahili, kitabu cha mtoto ni cha Kiingereza. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, humo humo Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018, ziko familia za Wakongo ambazo watoto wao walikuwa ndiyo kwanza wanakizoea Kiingereza cha shule. Shule ikifungwa, Kiingereza nacho kimefungwa.

Lakini Waislamu, sisi tuna mfano wa shule isiyohitaji jengo wala umeme! Chuo cha Qur'ani cha zamani kilikuwa na nini? Mwalimu mmoja, mkeka, ubao na wino. Watoto wakubwa waliwasomesha wadogo, kila mmoja kwa ubao wake. Mzazi asiyejua herufi moja alimwambia mtoto, "Soma nikusikie," na mtoto akasoma kwa sauti. Mama alijua akisita, alijua akiruka, kwa sababu sikio halihitaji cheti.

Fanya hivyo hivyo kwa kitabu cha shule. Wa darasa la 7 amfundishe wa darasa la 3. Wa darasa la 3 amsomee bibi. Hesabu zifanywe kwa samaki wa sokoni: bei ya ndoo, nauli ya boti, faida iliyobaki. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni kusoma, na haikushuka kwa watu wenye majengo. Na imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, mateka waliokosa fidia walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Vita vimetoka kupiganwa jana, na leo anatafutwa mwalimu, hata kwa adui! Sisi tunaye kaka mtu ndani ya nyumba na tunashindwa kumkalisha saa moja?

BASI TUFANYE NINI?

Maradhi yatarudi, kwa jina hili au lile. Mvua kubwa na kipindupindu vinajuana. Kwa hiyo tujiandae shule zikiwa wazi:

1. Kila nyumba iwe na sanduku moja la vitabu na madaftari ya zamani. Daftari la kaka lisifungiwe vitumbua.

2. Saa mbili za kusoma kila siku, baada ya Alfajiri au baada ya Asri, kabla ya mtumbwi na kabla ya soko.

3. Mtoto wa shule asikeshe ziwani. Akisaidia, asaidie mchana na arudi kulala.

4. Kamati ya msikiti iandike orodha ya watoto wote wa shule, wavulana na wasichana. Siku shule zikifunguliwa, orodha isomwe. Asiyerudi, nyumba yake ipigwe hodi siku hiyo hiyo.

5. Sadaka ya Ijumaa moja kwa mwezi inunue redio, betri na daftari. Rangi ya ukuta wa msikiti itangoja.

6. Imamu asiyehakikisha umri wa binti asifungishe ndoa.

Nanyi wanafunzi, msisubiri kusukumwa. Serikali ya Zambia iliondoa ada za shule kuanzia Januari 2022, hadi darasa la 12. Waliowatangulia walikatishwa na ada. Ninyi msikatishwe na uzembe wa nyumbani.

Serikali itaulizwa juu ya televisheni isiyofika kisiwani, na ni haki iulizwe. Lakini Siku ya Kiyama hakuna baba atakayeulizwa juu ya ZNBC. Ataulizwa juu ya mwanawe.

Allah (S.W.T.) atuhifadhi na maradhi, awape shifaa wagonjwa, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.