Programu Ikitoa Jibu Sahihi, Je, Kazi Imekwisha?

Hivi majuzi nikiwa safarini kutoka Busia kwenda Malaba, nilipitia kwa rafiki yangu anayefundisha somo la kompyuta katika shule moja ya upili. Nilimkuta akisahihisha zoezi la kuandika programu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu, alinikabidhi kazi chache kwa mzaha nimsaidie. Nilipozisoma, mzaha ulikwisha.

Zoezi lenyewe lilikuwa la mpakani hasa: andika programu itakayobadilisha shilingi za Kenya ziwe za Uganda, na za Uganda ziwe za Kenya, tukichukulia kwamba shilingi moja ya Kenya ni sawa na 28 za Uganda. Mtoto wa Busia hahitaji kuelezwa swali hili. Huwaona wabadilishaji fedha na mabunda yao ya noti kabla hata hajaanza shule.

Mwanafunzi wa kwanza aliiandika ile 28 mara nne, kila alipoihitaji. Wa pili aliiandika mara moja tu, katika mstari wa juu, akaipa jina kiwango, kisha akawa analitaja jina hilo. Programu zote mbili zilitoa majibu sahihi. Wa kwanza alituzwa 10 juu ya 10. Wa pili alipewa 8, kwa sababu majina yake, yaani kiwango, shilingi_ke na shilingi_ug, yalikuwa ya Kiswahili, na mwalimu alitaka ya Kiingereza.

Nakiri kwamba nilihamaki kidogo. Hata hivyo, nilianza na jambo lisilohusu lugha. Rafiki yangu alikuwa akizijaribu programu zote kwa kuingiza shilingi 1,000 za Kenya, basi. Nikamwambia kwamba mvivu angeweza kuandika mstari mmoja tu wa kuchapisha 28,000, naye akapata alama zote. Je, mtu akiingiza sifuri? Akiingiza kiasi kilicho chini ya sifuri? Akiandika herufi badala ya tarakimu? Usahihi unaopimwa kwa swali moja ni bahati nasibu.

Kisha tukawaita wale vijana wawili. Tukawaambia kwamba kiwango kimeshuka hadi 27, warekebishe. Wa pili alibadilisha mstari mmoja akaketi. Wa kwanza alibadilisha mahali patatu, pa nne pakamponyoka. Programu yake sasa ikawa inabadilisha fedha kwa 27 upande mmoja na kwa 28 upande wa pili. Kwa mwenye kibanda cha kubadilishia fedha pale Malaba, hiyo ni hasara ya kila siku, tena hasara ambayo huenda asijue inatoka wapi.

Sisi walimu wa lugha tumeishi na suala hili kwa muda mrefu. Katika karatasi ya Insha ya KCSE kila insha hutuzwa kwa alama 20, na msahihishaji huangalia maudhui, sarufi, tahajia, msamiati na mtindo pia. Kompyuta yenyewe ni msahihishaji mkali wa sarufi: mabano yasipofungwa, programu haiendi. Lakini mtindo haiujali. Kwake jina x na jina kiwango ni mamoja. Anayehitaji jina ni binadamu atakayeisoma programu hiyo baadaye, na aghalabu binadamu huyo ni mwandishi mwenyewe, miezi sita baadaye, akiwa amesahau alichokuwa akikifikiria.

Tena yule kijana hakuandika shilingi tu. Alionyesha ni za nchi gani. Mnamo Septemba 1999 Marekani ilikipoteza chombo chake, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki. Namba zilikuwepo, kilichokosekana ni uhakika wa namba hizo ni za nini. Mchuuzi yeyote wa Busia akitajiwa bei huuliza kwanza: shilingi za wapi?

Rafiki yangu alinijibu kwamba mtindo ni ladha ya mtu, na kwamba kwa darasa la wanafunzi hamsini hana nafasi ya kubishana na kila mmoja. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu anayekata alama kwa kuwa nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari hazikumpendeza anamwonea mwanafunzi. Ndiyo maana napendekeza kipimo kisichotegemea ladha: kila mwanafunzi apewe programu ya mwenzake aifanyie badiliko moja dogo. Akiweza bila kumwuliza mwenyewe, alama za mtindo zitolewe. Kwa kipimo hicho majina ya Kiswahili yangepita bila tatizo lolote, maana darasa zima linayaelewa, na wanafunzi wa ng'ambo ya pili ya mpaka pia, ambako baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022. (Neno bodaboda, tusisahau, husemekana lilizaliwa papa hapa mpakani, na halikuomba idhini ya mtu.)

Kabla sijaondoka, mwalimu alimrudishia yule wa pili alama zake mbili. Za wa kwanza hakuzigusa. Alisema hakuwa amewaambia mapema kwamba mtindo utatahiniwa. Katika hilo sikuwa na la kumpinga.