Tamthilia za Kihispania na Itikadi ya Watoto Wetu

Ndugu Waislamu, tamthilia za Kihispania, nyingi zikitoka Meksiko, Kolombia na Marekani, zimezoeleka majumbani mwetu tangu miaka ya 1990. Wilayani Tarime na Serengeti mpaka hauzizuii: zinazopendwa Isebania, upande wa Kenya, husimuliwa Sirari na hata Mugumu.

Wazazi wengi huona haya kwa mabusu, wakabadilisha stesheni. Ni vyema. Lakini itazameni El Cuerpo del Deseo, iliyotengenezwa na Telemundo mwaka 2005 na kupendwa mno Uganda kwa jina la Second Chance. Tajiri mzee anakufa, kisha roho yake inarejea ndani ya mwili wa maskini aitwaye Salvador, ili amfichue mkewe aliyemsaliti. Kisa kizima kimesimama juu ya imani ya roho kuhama, ambayo Uislamu unaikataa: Suratul-Muuminun, aya ya 99 na 100, inataja barzakh, kizuizi kilicho mbele ya wafu hadi siku ya kufufuliwa.

Hapo hapana busu la kumshtua baba. Tena mazungumzo yametiwa Kiingereza, hivyo mara nyingi mwanafunzi wa sekondari ndiye mkalimani wa mama na bibi. Yeye ndiye anayewaeleza jinsi marehemu alivyorudi.